Nambari Arobaini na Moja

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali sita, limeegemea ukuta wa kliniki ya macho upande wa barabarani. Waliokaa hapo walijulikana kwa majina ya benchi, na ni vizuri yaelezwe sawasawa. Sindano alikuwa fundi viatu. Jina alilipata kwa kazi, si kwa wembamba. Waya alikuwa fundi umeme. Hakimu hakuwahi kuwa hakimu: alikuwa tarishi wa mahakama kwa miaka thelathini, akabeba mafaili ya kila namna asifungue hata moja. Muuza Kahawa aliuza kahawa. Asubuhi hiyo, yapata saa nne, mwenye shida alikuwa Sindano. Mwaka mzima alishona viatu kwa kupapasa, maana macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Sasa madaktari wageni walikuwa wamefika kupasua watu ishirini tu, wazee kwanza, na orodha ingefungwa saa sita. Jumatatu mpwa wake, aliyetengeneza programu ya orodha hiyo, alimwambia kuwa yeye ni nambari mbili. Leo karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni, na Waya ndiye aliyemsomea.

— Arobaini na moja, Waya alisema.

— Soma tena.

— Nimesoma kutoka juu, nimesoma kutoka chini. Kutoka chini wewe ndiye wa kwanza.

— Aliye juu mngoje chini, Hakimu alisema, akipuliza kahawa yake. Wewe chini ushafika. Kilichobaki ni kungoja.

Mpwa alikuja mbio, kompyuta mpakato kwapani, akaamkia wote, akajipenyeza kati ya mjomba wake na Waya, akaifungua magotini.

— Mwanangu, Sindano alimwambia, kutoka mbili hadi arobaini na moja! Nimekukosea nini?

— Sijagusa kitu, mjomba. Jana niliihamisha tu orodha, kutoka kwenye kompyuta yangu mpaka kwenye mashine kubwa ya kliniki. Programu ni ileile, majina ni yaleyale.

— Umeme, Waya alisema. Jina la mjomba wako ni refu. Moto kwenye mashine kubwa unagawanywa kwa wengi, ukapungua, jina likakosa wa kulishikilia juu. Likateremka.

— Mbona kwangu halikuteremka?

— Kwako limeshikiliwa na betri.

— Si umeme, ni cheo, Hakimu alikata shauri. Faili likiwa ofisi ndogo hukaa juu ya meza. Likipelekwa ofisi kubwa, hukaa chini ya mengine. Miaka thelathini nimebeba mafaili, sijaona lililopanda. Mpanda ngazi hushuka.

Sindano hakujua lolote kuhusu kompyuta, lakini alijua ukimpa fundi mwenzako kiatu ukataka akuambie kimekatika wapi, humsemeshi ovyo. Alisubiri mpaka vidole vya mpwa wake vikatulia.

— Hizo mashine mbili zinasikilizana?

— Zina databesi mbili tofauti, mjomba, maghala mawili ya majina. Ile ndogo ni faili moja tu ndani ya kompyuta yangu. Kubwa inahudumia kliniki nzima. Mimi naandika amri mara moja, kwa Python, lugha ya kompyuta, halafu kuna zana ya katikati, kama mkalimani, inayoifikishia kila databesi kwa lugha yake.

— Mshike mkalimani! Hakimu aliruka. Mkalimani mmoja pale mahakamani, shahidi akisema neno moja, yeye anatafsiri kwa dakika tano. Siku moja alitafsiri vizuri hata shahidi akafungwa.

— Huyu nimemwamuru anionyeshe kila anachosema. Kote anasema vilevile: wapange kwa mwaka wa kuzaliwa, wa zamani watangulie.

Akaendelea kubonyeza. Kisha akaguna. Sindano alimjua mtoto wa dada yake: akiguna hivyo amepata, na alichokipata hajakipenda.

— Mjomba, mwaka wako wa kuzaliwa umeachwa wazi.

— Kwa hiyo?

— Databesi ndogo ikikuta pengo, inaliweka mbele ya miaka yote. Ile kubwa ikikuta pengo, inaliweka nyuma ya yote. Hakuna iliyokosea. Mimi ndiye sikusema pengo likae wapi.

— Yaani ile nambari mbili sikuipata kwa uzee?

— Uliipata kwa pengo.

Waya alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja.

— Basi sema likae mbele. Ni maneno mangapi?

— Moja.

— Liandike, tupumzike.

— Wasiojaza mwaka ni watatu, Waya. Mjomba, bibi mmoja, na kijana wa miaka kumi na tisa aliyesahau. Nikisema pengo likae mbele, kijana huyo anampita mzee wa miaka tisini aliyejaza vizuri.

Neno hilo moja lilikuwa karibu na Sindano kuliko kikombe alichoshika. Alijua akimwomba mpwa wake mara mbili, ombi la pili halitakataliwa. Hakuomba hata la kwanza. Alitia mkono mfukoni akatoa kitambulisho, ambacho kilikuwa kimeishi miaka mingi ndani ya sanduku la gundi, akampa Waya.

— Moja, Waya alisoma. Tisa. Halafu gundi.

— Soma chini ya gundi.

— Chini ya gundi kuna gundi. Ila tunayo kumi na tisa! Mjazie mwaka wa kumi na tisa.

— Nikijaza hivyo, mpwa alisema, mjomba atakuwa na miaka zaidi ya elfu mbili.

— Si wametaka wazee?

— Madaktari watauliza.

— Wataulizaje? Macho ya miaka elfu mbili, nani atashangaa yakiwa na ukungu?

— Mvumilivu hula mbivu, Hakimu aliunga mkono.

Hapo mlango ukafunguliwa, akatoka muuguzi mgeni ambaye benchi halikuwahi kumwona, fomu mkono mmoja, kalamu mkono mwingine.

— Nambari arobaini na moja ni nani?

Sindano aliinua mkono, akaipungia nguzo.

— Baba, niko huku. Fomu yako ina pengo, na nimeruhusiwa kulijaza kabla ya saa sita. Ulizaliwa mwaka gani?

— Mwaka wa nzige, Sindano alijibu bila kusita.

— Nzige wa lini?

— Wale wakubwa.

— Wale walikuja kabla ya reli, Waya alisema.

— Baada ya reli, Hakimu alisema. Walikalia reli, gari moshi likateleza, likarudi lilikotoka.

— Ulikuwepo? muuguzi aliuliza.

— Nilisimuliwa.

— Na nani?

— Na Sindano.

Muuguzi alitazama saa yake, kisha akaisogeza kalamu hadi kwenye pengo.

— Nisikilizeni. Sihitaji cheti. Nahitaji mtu mmoja tu anayemzidi baba huyu umri, aseme yeye mwenyewe alikuwa na miaka mingapi baba huyu alipozaliwa, nami nitahesabu. Hapa nani ni mkubwa kuliko yeye?

Hakimu alimtazama Waya. Waya alimtazama Muuza Kahawa. Muuza Kahawa aliacha kusuuza vikombe. Mpwa aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Sindano, na ubao wa benchi ukalia chini yao.

Sindano alitega sikio. Alikuwa na hamu kuliko wote ya kumjua mtu huyo.

— Mnamtazama nani? aliuliza.