Bwana Shamba wa Mpui na Wivu Wake

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu popote mlipo. Uliyeko Sumbawanga mjini, uliyeko Chala, na wewe uliyeko kule bondeni unayenisikiliza huku ukifukuza mbu, karibu. Vuta kigoda, usogee. Leo tunamkumbuka Bwana Lutengano Mwakalobo, bwana shamba wa Mpui.

Bwana Lutengano alifariki dunia mwezi uliopita, mwaka huu wa 1984. Amezikwa Mpui. Kwao ni Rungwe, lakini alisema azikwe Ufipa, na Ufipa amezikwa.

Nilikwenda Mpui kutoa pole. Mjane wake, Mama Tusekile, alinikaribisha jikoni, kwa sababu upepo wa huko mnaujua wenyewe, na moto ulikuwa jikoni. Nikamwambia, mama, nataka nimzungumzie marehemu redioni. Akageuza mkaa kwa kijiti. Akasema:

"Mzungumzie. Lakini usimpake asali. Mume wangu alikuwa na wivu. Wivu wa kutisha. Ukiuficha, utakuwa umemsimulia mtu mwingine."

Kisha akaniambia kuna jambo la pili, la chumbani, nalo nilitaje. Nikasita. Akasema, "Aliniagiza yeye mwenyewe. Alisema wapo wanaume wengi wamekaa kimya kama alivyokaa yeye, na kimya hicho kinaua nyumba." Basi, wasikilizaji wapendwa, nitasema yote mawili. Wenye watoto wadogo karibu, mnajua la kufanya.

Lutengano alikuja Sumbawanga kijana, ametoka chuoni, na baiskeli yake na koti la mvua. Alikuwa mrefu, mwenye sauti. Alimwoa Tusekile kanisani mwaka 1967. Binti yao wa kwanza ni Atusaye. Mwaka 1971 akahamishiwa Mpui, kwenye kijiji cha ujamaa, afundishe kilimo. Watu wa Mpui walimwita Bwana Mistari. Kila shamba aliloingia alipiga kelele: "Mistari, ndugu zangu! Mahindi yapandwe kwa mistari!" Na jioni kwenye ngoma alikuwa wa kwanza kuingia uwanjani na wa mwisho kutoka.

Mwaka 1973 akaanza kuwa na kiu. Kiu ya ajabu. Alikunywa mtungi mzima akaomba mwingine. Nguo zikaanza kumpwaya. Mjini hospitalini wakamwambia ni kisukari. Akapewa vidonge, akakatazwa pombe na sukari, akarudi kazini.

Ila kuna jambo hakumwambia daktari, wala mke. Mwaka huo huo wa 1973, unyumba uliisha nyumbani mwake. Mwili wake ulikataa. Bwana Lutengano alikuwa na miaka thelathini na mitano. Mkewe hakuwa hata na thelathini.

Akanyamaza. Usiku akawa anageukia ukutani.

Sasa sikilizeni, wasikilizaji wapendwa, maana wivu wa kwanza katika nyumba hii haukuwa wa Lutengano. Ulikuwa wa Tusekile.

"Mwanamume akikugeuzia mgongo mwezi, miwili, unafikiri nini?" aliniuliza. "Nilifikiri ana mtu. Nilinusa mashati yake. Nikimfulia, nageuza mifuko. Akicheka na mwanamke njiani, mimi nasimama nisikilize. Nikamuuliza, 'Baba Atusaye, una mwanamke Chala?' Kwa sababu Chala alikuwa anakwenda kwenye semina. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Ndiyo.'"

Alisema ndiyo. Wala hakuwa na mwanamke, Chala wala kwingine. Aliona afadhali mkewe amdhanie mzinzi kuliko ajue kwamba mwili wake umeshindwa.

Tusekile akafunga safari. Alimwachia jirani watoto, akapanda lori hadi mjini, mjini akapata lori jingine, akashuka Chala na vumbi mpaka kwenye kope. Aliulizia mahali mabwana shamba wanapokula. Akaelekezwa kwenye mgahawa wa mama mmoja, Adija. Akaingia akiwa amejifunga kanga kiunoni, tayari kwa ugomvi.

"Wewe ndiye Adija?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu, ukae."

"Sikai. Nimemfuata mume wangu. Lutengano wa Mpui."

Adija akafuta mikono. Akamwita mume wake, aliyekuwa uani ananyonyoa kuku, aje aonekane. Kisha akasema, "Dada, mimi huyu wangu ananitosha kwa matatizo. Mumeo anakula hapa kwa sababu namtilia chai isiyo na sukari bila kumcheka. Na nikwambie kitu. Siku moja alikaa pale kwenye kona akalia. Nikamuuliza, umefiwa? Akasema, 'Nina mke mzuri, na ninamdanganya kila siku.' Rudi nyumbani ukamuulize anakudanganya nini. Sidhani kama ni mwanamke."

Tusekile alirudi Mpui. Alimkuta mumewe anatengeneza baiskeli. Akamwambia, "Nimetoka Chala." Lutengano akaweka spana chini. Hapo ndipo alipomweleza. Alieleza akitazama gurudumu.

"Nilimwonea huruma," Mama Tusekile alisema, "lakini nisikudanganye, huruma ilikuja ya pili. Kwanza nilifurahi. Nilifurahi kwamba hapakuwa na mwanamke. Nikamwambia, mimi sikuolewa na kiungo kimoja. Nitakaa."

Nitakaa. Hilo ndilo neno alilompa mumewe mwaka 1973. Ndugu wa pande zote mbili hawakujua kitu. Walijua kisukari tu.

Mngetegemea, wasikilizaji wapendwa, kwamba baada ya hapo nyumba ilitulia. Haikutulia. Sasa ndipo wivu ulipohamia kwa Lutengano, na ulipohamia ulikuja na mizigo yake yote. Kila mwanamume mzima wa afya akawa adui yake. Alimkataza mkewe kuvaa kitenge chekundu. Alimkataza kuimba kisimani.

Macho yake yakaanza kufifia kwa kisukari. Mwaka 1976 akaacha kazi, akakaa nyumbani. Ikabidi Tusekile atafute namna. Akaingia kwenye kundi la kulima na maksai wa kijiji, yeye atangulie mbele akiwaongoza ng'ombe, na nyuma ashike plau mtu aitwaye Zenon. Zenon alikuwa Mfipa wa pale pale, mjane, mtaratibu, mvuta kiko.

Mnaona moto unapotokea.

Lutengano alikaa mlangoni akisikiliza. Haoni mbali, lakini sauti zinafika. Binti yake Atusaye, ambaye sasa ni msichana mkubwa, aliniambia: "Baba hakuniuliza kama mama amelima. Aliniuliza kama mama amecheka. Na kama amecheka, amecheka na nani." Tusekile akirudi, mumewe anashika ncha ya kanga yake, ananusa kama ina moshi wa kiko.

Siku moja chumvi iliadimika dukani. Tusekile akapika maharage, yakawa na chumvi. Lutengano akaonja, akauliza, "Chumvi imetoka wapi?" Mkewe hakumficha. Zenon alikuwa amegawia kundi zima, kila mtu konzi moja. Lutengano akainua chungu, akakimwaga nje. Chakula cha nyumba nzima. Watoto wakasimama wanatazama kuku wakila maharage.

"Siku ile nilimchukia," Mama Tusekile alisema. "Andika hivyo."

Na kumbe Zenon kweli alikuwa na neno. Msimu wa kulima ulipoisha, wakiwa wananywesha maksai mtoni, alimwambia, "Mama Atusaye, mimi si mtu wa maneno mengi. Mumeo hali yake unaiona. Mimi mke wangu alifariki. Ukitaka kuondoka, wanao nitawalea kama wangu."

Nikamuuliza Mama Tusekile alijibu nini. Akachelewa kunijibu.

"Hata Zenon nilichelewa kumjibu hivyo hivyo," alisema. "Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, mwanangu. Damu yangu haikuugua kisukari. Nilitazama mikono ya yule mtu. Kisha nikasema, 'Zenon, mimi nina mume.' Akasema, 'Nimesikia.' Hakurudia tena."

Lakini Lutengano hakuyajua hayo. Yeye alikuwa na wivu wake tu, na mwaka 1977 wivu ukamtoa nje. Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Eustace, akamshitaki mkewe. Alisema: mke wangu anatembea na Zenon.

Wazee wakaitwa. Wakakaa ofisi ya kijiji, mchana, watu wamejaa madirishani. Zenon akaulizwa, akakana. Tusekile akaulizwa, akakana. Mzee Eustace hakuwa mtu mbaya. Alitaka kumsaidia. Akamwambia, "Mwanangu, tuambie basi nyumbani kuna shida gani. Mumeo anatimiza wajibu wa mume? Kama kuna kasoro, sema, tutaelewa."

Fikirieni, wasikilizaji wapendwa. Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu lingetosha, na aibu yote ingemwendea aliyeshitaki. Wazee wangempa hata ruhusa ya kwenda kwao na watoto wake.

Tusekile akasema, "Shikamoo mzee wangu. Nyumba yangu haina kasoro. Mume wangu ni mume."

"Sasa mbona analalamika?"

"Sijui, mzee."

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja dirishani akasema, basi ni mhuni tu huyu. Wazee wakanong'onezana. Mzee Eustace akakohoa, akasema kwa kuwa amani imekosekana, ni vema Tusekile arudi kwa wazazi wake Rungwe kwa muda, watoto wabaki na baba yao.

Tusekile akasema, "Sawa." Akaanza kujifunga kanga vizuri, kama mtu anayetaka kuondoka saa ile ile.

Hapo Lutengano akasimama. Wote walioniambia habari hii wanasema alisimama kwa kushika ukuta, na sauti ile ya mashambani ilikuwa imerudi. Alisema:

"Wazee, mke wangu amewadanganya. Amewadanganya kwa ajili yangu. Mimi ni mgonjwa. Tangu mwaka sabini na tatu, chumbani mimi si kitu. Yeye anajua, na miaka yote hii hakumwambia hata mama yake. Niliyemshitaki ndiye huyu. Nifukuzeni mimi."

Mtu mmoja alicheka. Mmoja tu. Mzee Eustace akamtoa nje. Kisha wazee wakainuka, na hapakuwa na hukumu yoyote.

Jioni ile Tusekile naye akamweleza mumewe habari ya mtoni. Alimwambia Zenon alimtaka, na alimwambia pia kwamba moyo wake mwenyewe uliyumba kidogo. Lutengano hakula. Kesho yake hakula. Siku ya tatu akachukua fimbo, akaenda kwa Zenon akipapasa njia. Akamwambia, "Njoo msimu huu utulimie. Lakini nitakuja na kigoda, nikae ukingoni mwa shamba." Zenon akasema, "Kiweke kwenye jua, huko kuna upepo."

Na akakaa, wasikilizaji wapendwa. Haoni, lakini amekaa. Zenon alipooa mke mwingine mwaka uliofuata, Mpui nzima inakumbuka, Lutengano alicheza ngoma kumshinda bwana arusi.

Je, wivu uliisha? Nilimuuliza mjane. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Haukuisha. Ila aliacha kuumwaga nje, akawa ananiambia. 'Tusekile, leo nina wivu.' Nami nauliza, na nani? Anasema, 'Na mwalimu mpya.' Naenda kukaa naye. Mikono yangu ilipasuka kwa kamba za maksai, akawa ananipaka mafuta kila jioni, kidole kimoja kimoja, hana haraka. Nami namkanda miguu, maana haikuwa na hisia tena. Tulilala blanketi moja mpaka mwisho. Mimi nilikuwa mke, mwanangu. Usiwaache watu wanihurumie."

Mwaka huu kidonda cha mguu kilimshinda. Siku za mwisho alimwita mkewe akamwambia, "Bado una nguvu. Ukipata mtu, uolewe." Tusekile akamfunika blanketi vizuri. Baada ya muda Lutengano akauliza, "Umemfikiria nani?"

Nilipoinuka kuaga, Mama Tusekile alinisindikiza hadi barabarani. Akasema Jumapili iliyopita alichelewa kutoka kanisani, wanawake walimzuia kwa mazungumzo, akarudi nyumbani jua limeshazama. Akasimama mlangoni na maelezo yote ya kumpa mumewe tayari. Ndani kimya. "Nikakumbuka," alisema. "Nikakaa chini pale pale."

Mama Tusekile, Atusaye na wadogo zako, ndugu wa Rungwe na ndugu wa Mpui, poleni sana. Mungu awape nguvu, na marehemu apumzike kwa amani katika udongo aliouchagua.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, pengine unayenisikiliza una mwenzio hapo pembeni, na kuna jambo mnaliogopa nyote wawili, kila mmoja kwa upande wake. Sina muziki wa kuwapigia leo. Zimeni redio, mzungumze.