Sumaku Chini ya Meza ya Harlan

Benchi la mbele ya duka la vyakula vya mifugo la Dry Fork, Oklahoma, lilitengenezwa kwa watu wanne, lakini wazee watatu hulijaza pomoni kwa viwiko na maneno. Kila Jumamosi huwa pale tangu mlango ufunguliwe hadi king'ora cha kimbunga kijaribiwe saa sita mchana. Hapo ndipo hukumbuka kwamba wana makwao. Tessa, muuzaji wa dukani, huwaletea kahawa kwenye chupa kubwa ya chai, na huwa anasimama mlangoni kuwasikiliza, maana Jumamosi asubuhi hakuna burudani nyingine. Vernon wanamwita Sajenti, ingawa jeshini alimenya viazi tu. Clovis wanamwita Wakili. Hakusoma sheria, aliitwa mahakamani siku moja kuwa mzee wa baraza katika kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Harlan hakuwa na jina la utani hadi asubuhi hiyo, Sajenti alipombatiza jina la Sumaku.

— Hebu rudia, Sumaku, alisema Sajenti. Umeifunga wapi?

— Chini ya meza ya jikoni, alijibu Harlan, kifua mbele. Sumaku nimeikaza kwa skrubu mbili tu. Bastola imeng'ang'ania pale kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Nikikaa kula, mkono huu hapa, bastola hii hapa.

— Uliinama wewe? Kwa magoti hayo?

— Niiname nini? Nilikaa kitini nikapapasa kwa mkono. Kulikuwa na vikaratasi vimeganda, nikavikwangua kwa kisu, sumaku ikakaa sawasawa.

— Ina risasi?

— Sasa isiyo na risasi ya nini? Nimpige nayo mwizi kichwani kama mwiko?

Tessa alikaribia kucheka. Mwizi mwenyewe alikuwa anamjua. Kuku watatu wa Harlan walipopotea, yeye ndiye aliyemuuzia mtego, na wiki hiyohiyo mwizi akanaswa: rakuni, mnyama wa porini, mnene, mwenye mkia wa mistari. Kesi ilikuwa imekwisha. Lakini Harlan alikuwa ameshaagiza sumaku yake kwa posta, na mwanamume akishaagiza kitu kwa posta, lazima amtafute adui wa kukitumia.

— Mzee Harlan, alisema Tessa akimmiminia kahawa. Mjukuu wako Opal si anakuja leo?

Uso wa mzee ulilainika papo hapo.

— Anakuja. Mama yake kasema baada ya king'ora. Watalala siku mbili.

— Ana miaka mitano.

— Mitano na nusu. Ukisahau hiyo nusu, atakununia.

Asubuhi ile Harlan alikuwa amenunua pakiti mbili za vibanio vya nguo, na Tessa alijiuliza vya nini, maana mzee hukausha nguo zake kwa mashine. Sasa akili yake ilikuwa kwa mwanawe mwenyewe, wa miaka miwili, aliyemwacha kwa bibi yake. Mtoto yule aliwahi kuokota pini ndani ya zulia ambayo watu wazima wanne walikuwa wameitafuta wakashindwa.

— Na Opal, alisema, hataiona hiyo bastola ya babu yake?

— Binti, alidakia Wakili, akinyoosha kidole kama jaji. Kisheria, kilicho chini ya meza hakionekani. Kisichoonekana hakijulikani. Kisichojulikana hakina madhara. Kesi imefungwa.

— Hujawahi kujigonga kidole cha mguu gizani, mzee Clovis?

— Hilo ni jambo tofauti kabisa.

— Hata akiiona, alisema Sajenti, hawezi kuibandua. Ile nguvu si ya mchezo. Jeshini tulikuwa na sumaku inainua kifaru.

— Jeshini uliinua karai la viazi, alisema Wakili.

— Nilikuwa karibu na kifaru! Tena nakwambia jambo msilolijua. Sumaku hulevya risasi. Ikilala pale usiku kucha, asubuhi risasi inakuwa imezubaa, hata haikumbuki kazi yake.

— Umechanganyikiwa, alidai Wakili. Sumaku huinoa risasi. Ikitoka pale humfuata mwenye saa ya chuma popote alipo.

— Basi mwizi avae saa ya plastiki, alisema Tessa.

— Usituchekee, binti, alisema Wakili. Na watoto wa siku hizi wana habari gani na uvungu wa meza? Wanatazama simu tu. Ukitaka kumficha mtoto wa leo kitu, kiweke popote pasipo na umeme.

Harlan alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Sajenti alitoa leso yake na kumfuta goti rafiki yake, huku akiendelea kubishana. Tessa aliliona hilo. Hawakuwa watu wabaya. Wangekupa koti la mwilini wakati wa baridi. Ila ukiwapa kahawa na benchi, akili zao huzitundika ukutani pamoja na kofia.

— Na ukiigonga meza? aliuliza.

Harlan alikitazama kikombe.

— Harlan? alisema Sajenti.

— Ilianguka mara moja tu.

— Ilianguka!

— Nilitua sufuria la maharage kwa nguvu kidogo. Ikaniangukia kwenye kiatu. Haikulia. Si mnaona? Ni salama kabisa.

— Kwa hiyo, alisema Tessa, ukikosa kufa mara moja, umeshapewa hakikisho la maisha.

Wakili alikohoa. Sajenti akavuta miguu yake ndani kidogo, kana kwamba bastola ilikuwa juu yao pale pale.

— Na kifyatulio cha bastola kiko wazi, aliendelea Tessa. Haina ala, haina chochote. Kisanduku cha kufuli ya namba, cha kuwekea bastola, kipo humu dukani rafu ya juu, nyuma ya dawa ya minyoo ya farasi. Tangu majira ya machipuo hakuna aliyekigusa.

— Kisanduku! Sajenti aliinua mikono. Yaani mwizi kaingia, Harlan anamwambia: samahani bwana, keti kidogo, nakumbuka namba!

— Nitamkaribisha na pai, alisema Harlan, na wote watatu wakaangua kicheko kilichowafanya njiwa waruke juu ya paa.

Kabla hakijatulia, gari dogo la kijani likasimama mbele ya duka. Leann, binti yake Harlan, alishuka akijinyoosha mgongo.

— Tumewahi, baba. Barabara ilikuwa tupu. Nikajua tutakukuta kwa wazee wenzako.

Nyuma yake Opal aliruka na tochi mkononi, akakimbia moja kwa moja kwenye mapaja ya babu yake. Wakili alisogeza vikombe vya moto mbali haraka, na Sajenti akampisha nafasi.

— Babu, vibanio umenunua?

— Nimenunua, mama. Pakiti mbili.

— Tunajenga hema, Opal aliwaeleza wazee kwa subira, maana aliona hawajui chochote. Babu anatandika shuka la bibi juu ya meza ya jikoni mpaka linafika chini, tunalibana na vibanio. Mimi nalala ndani. Nalala chali namulika juu. Mwaka jana nilibandika nyota juu kule, za karatasi, ili iwe usiku.

Aliiwasha tochi, akammulika babu yake kidevuni.

— Babu, nyota zangu bado zipo?

Sajenti alikitazama kiatu cha Harlan. Harlan mwenyewe alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, kucha ya kidole gumba, kana kwamba kulikuwa na kipande cha karatasi kimebaki pale. Kisha king'ora kikaanza kulia juu ya mji, kirefu, na wote wakakaa ndani ya sauti ile.

Kilipokoma, Harlan alimweka mtoto chini polepole.

— Leann, usiende nyumbani. Kuna kitu changu chini ya meza ile. Kina risasi.

Leann alimwinua Opal mikononi, mkubwa vile, akambana kifuani. Hakumgombeza baba yake. Hilo ndilo lililomfanya mzee ainamishe kichwa.

— Nakwenda kukitoa. Nikirudi ndipo mje.

Tessa alikuwa ameshashuka ngazi ya rafuni. Alikifuta kisanduku vumbi kwa aproni yake, akampa Harlan, na bisibisi juu yake.

— Toa risasi kwanza, mzee. Kwanza kabisa.

— Kwanza kabisa, alisema Harlan, akaelekea kwenye pikapu yake akichechemea.

Opal alimtazama akiondoka, tochi bado inawaka mchana.

— Mbona babu hajanijibu?

Sajenti alimsukumia kitafunwa. Wakili alinyoosha kikombe chake kitupu kwa Tessa.

— Imekwisha, alisema Tessa, akaibeba ndani chupa. Walisikia kahawa ikicheza humo, nusu nzima, na hakuna aliyethubutu kubisha.