Agneta Nabwire na Ua la Kidimbwini

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za mchana. Uwe Port Victoria ukianua samaki wa omena, uwe Otonglo ukifunga kibanda, sogeza kiti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja. Jina lake ni Agneta Nabwire. Alikuwa msimamizi wa maonyesho katika Bustani ya Mimea ya Kandege, hapa Kisumu, kando ya ziwa. Alizikwa Jumamosi iliyopita. Agneta Nabwire, wa Bustani ya Kandege.

Pengine jina hulikumbuki, lakini kiganja chako kinamkumbuka. Kila Aprili kulikuwa na Maonyesho ya Mvua. Agosti ilikuwa zamu ya mboga za kienyeji: osuga, dek, apoth, mitoo. Jakaranda zilipochanua, watoto wa shule walikuja kuokota maua na kuyapanga chini kama mikeka. Na kila maonyesho yalipofungwa, Agneta alisimama langoni akampa kila mgeni kitu. Mche ndani ya kopo, au fungu la majani, au mbegu kwenye kipande cha gazeti. Huo ulikuwa mwiko wake. Hakuna mgeni aliyetoka Kandege mikono mitupu.

"Mama alisema mgeni akitoka mikono mitupu, aibu ni ya mwenye nyumba," binti yake Perez Ouma alituambia. "Hata fundi wa choo alirudi kwao na mche wa pilipili."

Wasikilizaji wapendwa, shikeni neno hilo. Mikono mitupu. Tutalirudia.

Agneta alianza kazi hiyo mwaka 1984, akiwa mjane mwenye mtoto mmoja. Msaidizi wake aliitwa Wakoli, kijana aliyetoka Bungoma kutafuta kazi Kisumu. Wakoli alikuwa mtu wa mizaha, na alimwita Agneta "Madam" hata siku za Jumapili walipokutana kanisani. Wakati wa mvua walichimba pamoja. Wakati wa jua walibeba maji pamoja. Walikuwa watu wa sufuria moja ya ugali saa za mchana.

Sasa tufike Aprili ya 1988. Mkazi mmoja wa mjini, mpenda maua, alileta karai lenye mmea ambao Agneta hakuwahi kuuona. Ulielea juu ya maji. Majani yake yaling'aa kama yamepakwa mafuta. Ua lake lilikuwa la zambarau, lenye doa la manjano katikati kama jicho. Agneta akauweka kwenye kidimbwi cha saruji karibu na lango, na kwa siku zote za Maonyesho ya Mvua watu walipanga foleni kuutazama. Kuna maharusi waliopigwa picha pale.

Maonyesho yalipokwisha, kidimbwi kilisafishwa. Agneta alitoa amri kwamba mimea ya majini ianikwe juani, kisha ichomwe. Wakoli ndiye aliyeibeba kwa wilbaro. Hivyo ndivyo Agneta alivyokumbuka. Wakoli aliibeba.

Miaka ikapita. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wavuvi wakaanza kuona vijisiwa vya kijani vikielea. Vikaungana. Mnajua wenyewe, wasikilizaji, maana mmeona kwa macho yenu. Mtumbwi unakwama mahali ambapo jana kulikuwa na maji. Nyavu zinatoka na majani, si samaki. Tunaliita gugumaji. Na gugumaji lilipochanua, ua lake lilikuwa la zambarau, lenye doa la manjano katikati.

Wavuvi wa Asembo Bay wakaja Kandege asubuhi moja mwaka 1995. Aliyewaongoza aliitwa Oketch, mwenye mitumbwi, mtu wa sauti ya chini.

"Mama," Oketch alisema, "hii maua tuliiona kwako. Bibi yangu alipiga nayo picha hapa siku ya harusi yetu. Sasa iko kwa ziwa. Ilitembea?"

Agneta aliyaona akilini maonyesho yake yakifungwa. Aliwaona wageni wakikoma kuja. Akasema, "Kidimbwi changu kilisafishwa. Niliamuru ichomwe. Muulizeni Wakoli. Ndiye aliyebeba."

Muulizeni Wakoli. Maneno mawili tu, wasikilizaji wapendwa.

Wakoli aliulizwa. Alimtazama Agneta kwa muda, kisha akawajibu wavuvi, "Mimi nilianika nilichopewa nianike." Hakuongeza neno. Na kwa Agneta, mtu asiye na kosa angeongeza.

Tangu siku hiyo akaanza kumchunguza. Alikumbuka kwamba dada yake Wakoli aliolewa karibu na ufuo. Alikumbuka kwamba njia ya wilbaro ilipita hatua chache tu kutoka majini. Wakoli akicheka na mgeni, Agneta alijiuliza wanacheka nini. Wakoli akinyamaza, alijiuliza ananyamazia nini. Jioni, Wakoli alipotoka, Agneta alijikuta amesimama langoni, mahali pale pale alipowapa wageni miche, akiutazama mfuko wa Wakoli wa kitambaa.

Hakuwahi kuuliza, aliutazama tu.

Wakoli akaelewa. Akaanza kuufungua mwenyewe kila jioni kabla ya kufika langoni. Ndani mlikuwa na sweta na kopo la chakula.

"Tazama vizuri, Madam," alimwambia siku moja. "Leo nimeficha ziwa lote humu."

Wafanyakazi wengine walicheka. Agneta hakucheka. Alidhani ule mzaha ni wa mtu anayejua zaidi ya anachosema.

Sufuria ya ugali ikawa mbili. Mwishowe Wakoli akaja na funguo za banda la miche na kuziweka mezani.

"Madam, kama unanishuku, sema kwa mdomo. Usiseme kwa macho."

"Sijasema kitu, Wakoli."

"Ndiyo hiyo sasa."

Akaondoka. Akaenda kuuza miche kando ya barabara ya Busia, pale Otonglo. Lakini neno lilikuwa limemtangulia. Watu walipita kibanda chake wakinong'ona kwamba huyu ndiye aliyeliachilia gugu lile ziwani. Wengine walisema miche yake ina mkosi. Mama mmoja alinunua mchungwa, akaambiwa umetoka kwa nani, akaurudisha siku hiyo hiyo.

Na huko Kandege, Agneta aliendelea na maonyesho. Wageni walipungua, lakini walikuja. Aliendelea kusimama langoni na miche yake, na moyoni akajiambia kwamba haki imetendeka.

Wasikilizaji wapendwa, twende Desemba ya 1997. Ilikuwa sherehe ya kufunga mwaka pale bustanini. Dorca, mchuuzi wa samaki kutoka Asembo Bay, alileta ngege kwa ajili ya jiko la sherehe. Dorca alikuwa amewauzia samaki wageni wa Kandege tangu maonyesho ya kwanza. Akatua kikapu chake kando ya kidimbwi kile kile cha saruji, ambacho sasa kilikuwa kikavu. Samaki walikuwa wamefunikwa na majani mabichi, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta.

"Dorca," Agneta akasema, "unafunika samaki na gugumaji?"

"Sasa nifunike na nini, na ndiyo imejaa kila mahali? Inashika maji vizuri. Si ni wewe ulinifunza."

"Mimi?"

"Aai, Mama Perez. Ile mwaka maua ilikuja. Jua ilikuwa kali, samaki yangu inataka kuharibika. Ukaniambia, Dorca, chukua hii majani ya kidimbwi, ufunike. Ukatugawia sisi wote wamama wa samaki. Ulijaza vikapu na mkono yako."

Agneta akakaa kwenye ukingo wa kidimbwi. Perez alikuwepo siku hiyo, na anasema mama yake alishika saruji kana kwamba inasogea.

"Na baadaye mlipeleka wapi?"

"Nyumbani, wapi tena? Nikafika ufuoni, nikatoa samaki, nikaosha kikapu."

"Ndani ya ziwa?"

"Kwani vikapu tunaosha wapi?"

Kisha Agneta akauliza swali ambalo, kwa mujibu wa Perez, aliliuliza kwa sauti ya mtu anayeomba lisijibiwe. "Wakoli alikuwa wapi?"

"Alikuwa hapo na wilbaro yake. Alikataa. Alisema hiyo ni ya kuchomwa, Madam amesema. Wewe ukamwambia asinyime wageni. Ukasema hakuna mtu hutoka kwako mikono mitupu."

Dorca akaendelea kupanga samaki. Kwake hiyo ilikuwa habari ya kawaida tu.

Wasikilizaji wapendwa, wataalamu wanatuambia kwamba gugumaji lilishuka kwa mito kutoka mbali, na kwamba lingefika hata kama Kandege isingekuwepo. Pengine vikapu vile havikuongeza hata jani moja. Hakuna anayejua. Lakini jambo moja lilijulikana siku ile. Wakoli alianika alichopewa aanike. Yaliyobaki yaligawiwa langoni na mkono wa Agneta mwenyewe, kwa moyo mweupe, na yeye akasahau, kama mtu anavyosahau wema anaoufanya kila siku.

Kesho yake alikwenda Otonglo. Wakoli alikuwa akinyunyizia miche maji. Hakuinuka.

"Wakoli, kwa nini hukuwaambia? Ulikuwepo. Ulijua."

"Nilidhani unakumbuka, Madam."

Hapo ndipo Agneta alipoelewa. Miaka yote aliyomshuku Wakoli, Wakoli naye alimshuku yeye. Wakoli aliamini kwamba Madam anaujua ukweli wote, na ameamua mzigo ubebwe na yule asiye na mtu wa kumtetea. Kila jioni pale langoni walikuwa wakichunguzana, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo.

Agneta aliomba msamaha. Wakoli akamtazama, kisha akaonyesha mkoba wa Agneta kwa kidevu.

"Fungua mfuko tuone."

Agneta akaufungua, pale barabarani, watu wakipita. Mlikuwa na kitambaa, miwani na kitabu cha nyimbo za kanisani. Wakoli akachungulia taratibu, kama askari wa zamu.

"Sawa," akasema. "Pita, Madam. Keti."

Ingekuwa vizuri tuishie hapo, wasikilizaji wapendwa. Lakini neno likishatoka halirudi kwa kuitwa. Aprili ya mwaka huu wa 1998, Agneta alisimama mbele ya watu kwenye Maonyesho ya Mvua na kusema wazi kwamba majani aliyagawa yeye. Wavuvi walisikiliza. Walipokuwa wakitoka, Oketch alimwambia kwa ile sauti yake ya chini, "Mama, umesema vizuri. Lakini tunajua unamfunika. Nyinyi watu wa Kandege ni kitu kimoja."

Agneta hakulala kwa jibu hilo. Alikuwa na nguvu ya kuwatia watu shaka juu ya mtu, lakini hakuwa na nguvu ya kuiondoa. Basi akafanya alichoweza. Kila siku ya soko alipanda gari kwenda Otonglo, akasimama kwenye kibanda cha Wakoli mahali ambapo kila mtu angemwona, akanunua miche. Mtu mwenye bustani nzima alinunua miche barabarani. Akaibeba mikononi hadi kituoni, bila kuifunika. Waliomuuliza aliwaambia, "Ni ya Wakoli. Ni mizuri. Nendeni mkanunue."

Alifanya hivyo hadi maradhi ya kifua yalipomlaza mwezi wa Agosti. Hakuamka tena.

"Siku ya mwisho aliniuliza kama watu wananunua kwa Wakoli," Perez anasema. "Nikamwambia wananunua. Akaniangalia sana. Sijui kama aliniamini."

Jumamosi, mazishi yalifanyika Port Victoria, nyumbani kwa marehemu mumewe. Nasi wa kipindi hiki tulikuwepo. Wakoli alifika mapema na gari la kukodi lililojaa miche ndani ya makopo. Akaipanga kwa safu kwenye lango la boma, kisha akakaa pembeni. Hakutoa hotuba wala hakuombwa.

Baada ya maombi watu wakaanza kutoka. Wa kwanza walipita karibu na makopo, wakayatazama, wakaendelea. Wengine wakafuata. Tulimwona mzee mmoja akimvuta mjukuu wake mkono. Wakoli alikuwa akitazama viatu vyake.

Kisha Dorca akafika langoni na kikapu chake. Akainama, akachagua mche wa mpera, akauweka ndani.

"Mama Perez hakuwa anatoa mtu mikono mitupu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mnataka kumwaibisha kwake?"

Nyuma yake alikuwa Oketch. Alisimama hapo muda mrefu. Alimtazama Wakoli, akaitazama miche, akamtazama Wakoli tena. Aliokota kopo moja na kuondoka nalo, akilishika mbali kidogo na mwili wake, kama mtu abebaye kitu ambacho bado hakiamini.

Tulipoondoka, karibu nusu ya makopo yalikuwa bado langoni.

Kwa Perez Ouma, kwa wafanyakazi wa Bustani ya Kandege, kwa wakwe na majirani wa Port Victoria, tunatoa pole zetu za dhati. Mungu awafariji. Ampumzishe Agneta Nabwire mahali pema.

Na wewe uliyebaki nasi hadi sasa, kuna mtu ambaye humuulizi, unamtazama tu mfuko. Umfikirie usiku huu. Kesho, muulize kwa mdomo, na umpe nafasi ya kujibu. Na ukipita Otonglo, upande wa kushoto ukielekea Busia, kuna kibanda cha miche. Mwenyewe anaitwa Wakoli. Makopo yaliyobaki Port Victoria ameyarudisha pale, na kila asubuhi anayamwagilia maji.