Kutuni Upya Baada ya Miaka Arobaini na Minane: Maisha ya Waya wa Bendi ya Karakana

Ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kutusaidia kumsindikiza kaka yetu, familia imenikabidhi mimi, mdogo wake anayemfuata kuzaliwa, kazi ya kusoma maisha yake, na imenionya nisome kilichoandikwa tu, onyo ambalo nimelizingatia kwa kuandika mwenyewe.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Waya, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ghala la pamba, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba yetu, aliyekuwa akiwabebea wapima ardhi minyororo yao, na mama yetu, mshonaji. Cheti chake cha kuzaliwa, kilichotolewa mwaka 1968 alipotakiwa kuwa nacho ili aandikishwe sekondari, kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1955, kwa sababu karani alimwambia mama kwamba Machi hiyo haina ushahidi, na mama, ingawa siku hiyo alikuwepo kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote, hakuhesabiwa kuwa shahidi. Hivyo kaka yetu amefariki akiwa na miaka sabini na miwili nyumbani na miaka sabini serikalini, na leo tunawazika wote wawili.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1967, na sekondari kuanzia 1968 hadi 1971, ambako alichukua somo la useremala, na katika mtihani wake wa mwisho, wanafunzi walipoagizwa kutengeneza kigoda, yeye alitengeneza gitaa, akapewa alama thelathini na nane kwa mia, na maelezo ya mwalimu kwa wino mwekundu yasemayo, "Kigoda hiki hakikaliki." Karatasi hiyo aliitunza vizuri kuliko vyeti vyake vyote.

Tarehe 3 Julai 1972 aliajiriwa kuwa seremala katika karakana ya samani, akatengeneza meza, makabati na milango kwa miaka arobaini na miwili bila kupoteza kidole, jambo ambalo kwa seremala ni sifa, na kwa seremala mpiga gitaa ni riziki. Alistaafu tarehe 31 Desemba 2014, karibu miaka miwili baada ya umri wake wa kweli wa kustaafu, akisema kwamba muda huo wa nyongeza alimfanyia kazi yule karani.

Mwezi Aprili 1974, yeye na mafundi wenzake wanne walianzisha Bendi ya Karakana, wakapiga roki, muziki wa magitaa ya umeme na kelele nyingi, wakifanya mazoezi saa ya chakula cha mchana, katikati ya mbao, kwa kuwa msimamizi aliwaruhusu kutumia umeme mradi wasizime feni kubwa ya kuvuta vumbi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana maisha yote ya bendi yalipinda hapa. Ile feni ilivuma kutwa kwa sauti moja isiyobadilika, nao, kwa kuwa hawakuwa na kifaa cha kupimia sauti, na kinanda walikikataa kwa msimamo kwamba ni cha kwaya, walituni magitaa yao, yaani walikaza na kulegeza nyuzi, kwa kufuata feni. Feni ilipobadilishwa mwaka 1989, sauti yake walikuwa wameshaihamishia vichwani, wakaendelea nayo. Kaseti yao ya mwaka 1983 ilipendwa sana, ingawa wasikilizaji kadhaa walipeleka redio zao kwa fundi wakidhani mikanda imelegea, na fundi mmoja, Mungu amsamehe, aliwabadilishia mikanda wote.

Tarehe 20 Desemba 1980 marehemu alifunga ndoa na wifi yenu, ambaye wakati huo alikuwa karani wa posta, dada wa mpiga dramu wa bendi, na wanafamilia wanakumbuka kwamba mpiga dramu alipoulizwa kama anakubali, alisema hana neno, ila mazoezi ya Jumamosi ile yasivunjwe. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza, wa kiume, aliyezaliwa tarehe 5 Juni 1982, ni mwalimu wa hesabu, wa pili, wa kike, aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 1985, ni mfamasia, na kitinda mimba, naye wa kike, aliyezaliwa tarehe 11 Mei 1991, ni fundi wa kurekodi sauti, na huyo wa mwisho ndiye aliyemletea baba yake taabu na furaha kwa pamoja.

Maana muziki ulikuwa umehama. Vijana walianza kutunga nyimbo nzima kwa kompyuta, watu wakacheza mdundo usiotoka kwenye ngozi wala waya, na mialiko ya Bendi ya Karakana ikapungua mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 2016 walipoalikwa kwenye harusi moja kupiga wakati wageni wanaegesha magari. Waliwahesabu wasikilizaji wao siku ile wakapata wanne, wawili wakiwa wahudumu wanaopanga viti. Wenzake walitaka bendi ivunjwe kwa heshima, waagwe vizuri, wapigwe picha. Marehemu alikataa. Alisema kabati likizeeka hukilaumu chumba, unalipiga randa, na kama milango haifungi unatengeneza mingine, na kwamba yeye hatakubali kufa akiwa mpiga gitaa mstaafu, kwa kuwa kustaafu kumoja kunatosha.

Tarehe 12 Februari 2022 aliwachukua wenzake watatu waliobaki, akawapeleka kwenye chumba cha kurekodia cha binti yake, chumba cha uani kilichozibwa kuta kwa magodoro, ili wajaribu kupiga nyimbo zao juu ya midundo na vinanda vya kompyuta. Walipiga mara moja, wakapiga mara ya pili, na kila mara ilikuwa kama watu wa nyumba mbili wanaogombana dirishani. Binti akapima gitaa la baba yake, akalipima na la pili, kisha akasema kwa upole wa mtoto aliyelelewa vizuri, "Baba, mko chini. Karibu nusu noti. Wote." Aliyekasirika kuliko wote alikuwa mpiga dramu, ambaye chombo chake hakikuhusika hata kidogo, akasema, "Iambie hiyo mashine ishuke. Sisi tumeanza kabla yake."

Binti alieleza kwamba mashine inaweza kushuka, ni suala la kubonyeza tu. Marehemu akasema hapana, tutapanda sisi, kwa sababu bendi inayongoja dunia iishukie itapiga peke yake mpaka mwisho. Akiwa na miaka sitini na minane akakaza nyuzi, akagundua kwamba sauti yake haifiki tena kwenye nyimbo zake mwenyewe, akaanza kuziimba kwa chini, karibu na kuzungumza, akapunguza mapigo ya gitaa mpaka yakabaki machache yenye maana, na mambo hayo, ambayo yeye aliyaita kufichua ubao, ndiyo mliyokuja kuyasikia baadaye mkayaita mtindo mpya.

Lakini mpiga dramu aliondoka. Alikuwa tayari kusamehe mambo ya noti, ila alipovishwa spika za masikioni apige kwa kufuata mlio wa mashine, tik, tik, tik, alizivua, akaziweka juu ya ngoma, akasema, "Shemeji, mimi sijawahi kuongozwa na saa," akaenda zake. Ajabu ni kwamba baada ya kustaafu karakana shemeji huyu alikuwa mwalimu wa udereva, na siku nzima kazi yake ilikuwa kuwafokea watu waende mwendo mmoja. Marehemu alisema waziwazi kwamba bila shemeji hakuna bendi, kuna mzee anayesindikizwa na kompyuta, na hilo hakulitaka. Alipiga simu, haikupokelewa. Alikwenda nyumbani, akaambiwa yuko kazini. Basi akafanya jambo ambalo familia ililiona upuuzi, akajiandikisha kujifunza udereva.

Kila Jumamosi, kuanzia tarehe 4 Juni hadi tarehe 13 Agosti 2022, masomo kumi na moja, marehemu alikaa kwenye usukani na shemeji yake pembeni akiwa na breki yake ya pili, mahali ambapo mwalimu haruhusiwi kisheria kushuka gari likiwa linatembea, na katika redio ya gari marehemu aliweka nyimbo mpya, zikiwa na nafasi tupu pale dramu ilipotakiwa kuwepo. Somo la kwanza shemeji alizima redio. Somo la pili aliipunguza sauti. Nimesimuliwa na wote wawili, kwa nyakati tofauti, na masimulizi yao yanafanana, kwamba katika somo la saba mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shemeji, tazama barabara."

"Naitazama. Wewe sikiliza."

"Nasikiliza injini. Unaiua. Badilisha gia."

"Hapo, hapo kwenye kona ya wimbo, hapana kitu. Pameachwa wazi."

"Kwa hiyo mnataka nini, kibao cha kusema ukumbi unapangishwa?"

"Tunakutaka wewe, mkaidi."

Katika somo la kumi na moja, wakiwa wamesimama kwenye taa nyekundu, vidole vya shemeji vilianza kugonga dashibodi, taa ikawa kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, na hakuna hata mmoja wao aliyeona sababu ya kuondoka. Jumanne iliyofuata alirudi, akavaa zile spika. Alipiga na ule mlio mara tatu, kisha akaanza kupiga kidogo nyuma yake, kwa makusudi, na hapo ndipo wimbo ulipoamka, na binti akaacha kugusa mitambo. Mtihani wa udereva marehemu hakuufanya, kwa kuwa mwaka wa kuzaliwa kwenye leseni yake ya zamani, aliyoipata akiwa kijana na akaiacha iishe muda, haukulingana na ule wa cheti, na ofisi ilimshauri achague mmoja.

Ofisi nyingine inastahili kutajwa kwa wema. Marehemu alipokwenda kuhuisha kibali cha bendi alitaka kuandika rasmi kwamba bendi imebadili sauti, akaambiwa hakuna fomu ya kubadili sauti, ipo ya kubadili anwani tu, basi akaijaza hiyo, na baada ya miezi minne akapokea barua ya kumtakia utulivu katika makazi mapya.

Tarehe 17 Februari 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Akaanza kusafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku ileile aliporudi kutoka kwa daktari aliwaarifu wenzake kwamba mazoezi sasa ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa nne asubuhi, bila kuwaeleza sababu, wakadhani ni mambo ya uongozi. Kwa miaka miwili na nusu alikosa mazoezi mara tano. Nyimbo tisa zilikamilika, na tarehe 2 Agosti 2025, alasiri, zikapigwa katika ukumbi wa manispaa, mbele ya watu waliojaa mpaka kwenye ngazi, wazee wa ile kaseti na wajukuu wao, ambao hawakuwahi kujua kwamba babu zao walikuwa na kelele kiasi hicho.

Marehemu alipiga akiwa amekaa kitini. Kwenye wimbo wa saba mkono wake wa kushoto uliishiwa nguvu. Shemeji alimtazama, akitaka ishara ya kusimamisha, naye marehemu akalilaza gitaa mapajani, akanyanyua kidevu kuelekea mbele, yaani endeleeni, wakaendelea, wakamaliza wimbo wa saba, wa nane na wa tisa bila yeye. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimfariji, akanishangaa, akasema hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuisikia bendi akiwa nje yake, na kwamba ni bendi nzuri.

Alilazwa tarehe 31 Agosti. Jumatatu, tarehe 8 Septemba, nikiwepo chumbani, alimuuliza shemeji yake, "Alhamisi mazoezi yapo?" Shemeji akamjibu, "Kwani utakuwa umetoka?" Akasema, "Sijauliza kama mimi nitakuwepo." Shemeji akasema, "Yapo." Marehemu alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tisa alasiri.

Sasa, wapo miongoni mwetu waliosikia dramu juzi, naomba radhi, leo ni Ijumaa, basi jana Alhamisi, wakati mwili bado haujazikwa, wakakasirika, na nawaelewa. Shangazi yetu mkubwa alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni mwa chumba cha kurekodia akawauliza, "Nyie, mwenzenu hajazikwa, mnapiga ngoma? Hamna hata haya?" Shemeji akasimama, akavua zile spika, akamwambia, "Shangazi, haya tunayo. Lakini nilimwambia yapo, na nikimdanganya huyu siku ya kwanza tu, mimi dramu sitaigusa tena." Shangazi alisimama pale mlangoni wakati wanapiga wimbo wa kwanza, na ulipoisha akaomba kiti.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari, na hasa wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia mgonjwa aliyegonga mdundo kwenye reli ya kitanda, nawashukuru majirani wa uani, ambao kwa miaka mitatu hawakupeleka malalamiko popote, nawashukuru mafundi wa karakana, waliotengeneza jeneza hili kwa mikono yao na kulipiga randa mara mbili kwa kuwa walijua angekagua, na nawashukuru wanabendi wenzake, ambao sina la kuwaambia zaidi ya lile walilokwisha kulitenda.

Kaka, kazi umeifanya, pumzika sasa na amani iwe yako. Wenzako wana mazoezi kesho, saa nne.