Mume Wangu Hakugusa Maji ya Jumapili

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na ninyi mliopata viti, asifiwe na hao waliosimama nje juani kwa sababu kanisa letu bado ni dogo. Mnanijua. Mimi ni Mama Kioko wa mashamba ya mtoni hapa Garissa, yule mnayenunua nyanya kwake halafu mnasema anauza ghali. Siuzi ghali. Nauza nyanya nzuri.

Shule nilifika darasa la pili, kwa hiyo msingoje maneno ya kupambwa. Nataka kushuhudia jinsi Mungu alivyoniokoa nisifukuzwe kwenye shamba la marehemu mume wangu, Mzee Musyoka. Na siwezi kushuhudia hayo bila kuwaeleza alivyoishi mtu huyo na alivyokufa. Angeishi vingine, leo ningekuwa Mwingi, nimekaa jikoni kwa wifi yangu, napimiwa unga kwa kikombe.

Tulikuja Garissa mikono mitupu. Yeye alisukuma mkokoteni wa maji kutoka mtoni mpaka majumbani. Mimi nilifua nguo za walimu na maofisa. Hakuna aliyetushika mkono. Musyoka akaokoka kwenye mkutano wa injili, na Mkamba mkaidi akiokoka, ndugu zangu, ule ukaidi wote anauhamishia kwa Yesu. Akaacha pombe siku hiyo hiyo. Akasema kuanzia leo siku ya Bwana sifanyi kazi, hata mtu akinilipa mara mbili. Watu wakamngoja achoke. Hakuchoka.

Kisha ukaja ule ukame uliomaliza mifugo. Wafugaji waliobaki na fimbo tu wakashuka mtoni kutafuta mashamba, na kikundi kikaundwa. Kulikuwa na Wasomali, kulikuwa na Wamunyoyaya ambao ni watu wa mto tangu zamani, na sisi wachache wa bara. Mashine ya kuvuta maji ilikuwa moja. Mfereji mkubwa mmoja. Kila fungu la mashamba lilipewa siku yake ya juma, na siku yako ikipita hujamwagilia, unangoja juma lingine. Na jua la Garissa mnalijua. Mche wa nyanya unavumilia juma moja ukilia. Juma la pili unakufa.

Jirani yetu kwa upande wa chini alikuwa Mzee Bare, kutoka huko Tarbaj. Alikuwa mtu wa ngamia. Wote walikufa. Jembe alilishika kama anachunga nalo.

Musyoka akamwambia, "Bare, hiyo si fimbo. Mchanga haukimbii."

Bare akamjibu, "Walaal, ndugu yangu, ngamia mimi naita, anakuja. Hii nyanya yako naita, haisikii."

Basi wakawa marafiki kwa matusi hayo.

Siku za maji ziligawanywa kwa kura. Musyoka akaokota kijiti cha Jumapili. Mwenyekiti wa kikundi, na huyu alikuwa mtu wetu wa bara, Mkristo mwenzetu mwenye duka mjini, alicheka mpaka akashika tumbo. Akasema, "Sasa tutaona, Musyoka. Mungu wako hali nyanya?"

Mume wangu akasema, "Anakula. Lakini si za Jumapili."

Jumapili ya kwanza tulienda kanisani na maji yakapita. Miche ikalala. Nilimwambia maneno makali, na sijutii, maana watoto walikuwa wanakula kutoka kwenye miche ile. Nilimwambia Mungu aliyeumba Jumapili ndiye aliyeumba tumbo. Musyoka alichukua ndoo, Jumatatu yote akabeba maji ya mto kwa mabega, mche mmoja baada ya mwingine, mpaka ngozi ikachubuka. Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa anabishana, alikuwa anabeba.

Sasa sikieni Mungu anavyopanga. Mzee Bare kijiti chake kilikuwa Ijumaa. Ijumaa ya kwanza akawasha mashine, adhana ikalia, akaenda msikitini. Aliporudi maji yalikuwa yamevunja kingo, yamezoa vitunguu vya mwenyekiti. Kelele za siku hiyo zilifika darajani.

Bare akaja kwetu jioni, akakaa chini, akasema, na kwake p ni b, "Musyoka, wewe Jumabili unaomba Mungu. Mimi Ijumaa naomba Mungu. Hii kura imetuchezea. Lete Jumabili yako, chukua Ijumaa yangu."

Wakapeana mikono mbele yangu. Wakaenda kumwambia mwenyekiti. Naye akasema, "Mimi sijaona wala sijasikia." Hakukataa wala hakukubali. Yashikeni hayo maneno.

Kuanzia hapo, mume wangu ndiye alikuwa mtu wa Ijumaa. Saa ya sala kuu kule mtoni hakuna mtu. Mashamba yote kimya, wanaume wote wameoga na kuvaa nguo nyeupe wameenda msikitini, na Musyoka yuko peke yake na mashine na nyimbo zake za tenzi, anaimba vibaya. Alilinda kingo za kila mtu. Mfereji ukipasuka kwa mtu yeyote, aliziba. Wale Waislamu walikuwa wakisema Ijumaa wanasali bila wasiwasi kwa sababu Mkristo yuko kwenye maji. Nani kati yetu hapa amesemwa hivyo? Mimi mume wangu alisemwa hivyo, na najivuna.

Alikufa Ijumaa mchana.

Waliotoka msikitini walikuta maji barabarani. Bare akasema hapo hapo, "Musyoka haachi maji yabotee." Wakakimbia. Mashine ilikuwa bado inanguruma. Walimkuta amelala ndani ya mfereji mdogo, jembe liko chini yake. Daktari alisema ni moyo. Wale wazee waliingia kwenye tope na kanzu zao nyeupe za Ijumaa, wakamtoa, wakamleta nyumbani kwa mabega. Mlangoni kwangu walisimama wamejaa matope mpaka vifuani, na hakuna aliyeangalia nguo yake.

Shemeji yangu, mdogo wake Musyoka, alifika kwa lori kutoka Mwingi. Alitaka mwili ukazikwe nyumbani kwa baba zao. Nikapiga hesabu yangu. Kumpeleka Mwingi, matanga, kurudi: zamu mbili za maji zinapita. Nyanya zilikuwa zimetoa maua. Nikirudi nitakuta majivu, na nikikuta majivu nitarudi Mwingi moja kwa moja. Nikamwambia atazikwa hapa.

Akanifokea mbele ya waombolezaji. "Mwanamke, unamzika kaka yangu katikati ya ngamia?"

Nikamwambia, "Hao ngamia wanamjua kuliko wewe. Umekuja kumwona mara ngapi?"

Marehemu hakuacha wosia wowote kuhusu kaburi lake, msidanganywe. Niliamua mimi, na watu wa Mwingi mpaka leo hawanisalimii vizuri. Sawa.

Siku ya mazishi walikuja Wakristo wachache na Waislamu wengi. Vijana wa Kisomali ndio waliochimba. Mchungaji alipomaliza kuomba, kabla ya mchanga kurudishwa, Mzee Bare akasogea mbele. Akamwomba mchungaji ruhusa kwa adabu, halafu akatugeukia.

Akasema, "Kwetu mtu hafunikwi na deni ya mtu. Huyu hakuwa Muislamu, lakini alikuwa jirani yangu, na jirani ana haki. Nauliza. Nani anadai Musyoka? Besa, shamba, maneno, kitu yoyote. Sema saa hii. Ukinyamaza, umesamehe mbele ya Mungu."

Sisi watu wa bara hatukuwa tumezoea jambo hilo, tukabaki tunaangaliana.

Shemeji yangu akainua mkono. "Mimi namdai. Alipaswa kurudi nyumbani."

Bare akamwangalia kwa upole. "Hiyo si deni, adeer, mwanangu. Hiyo ni hamu. Hamu tunayo sisi wote."

Na shemeji yangu, yule aliyenifokea, akaanza kulia kwa sauti. Bare akangoja. Akauliza tena. Mwenyekiti wetu alikuwa amesimama miguuni pa kaburi, ameshika kofia yake kifuani. Hakusema kitu. Bare akasema, "Basi amesamehewa, yuko huru." Sisi tukasema amina. Mwenyekiti naye akasema amina. Nilimwona midomo.

Ndugu zangu, hazikupita siku mbili mwenyekiti akaitisha mkutano pale kwenye mashine, ndani ya ua wa miiba.

Akasimama na kusema hivi: sheria ya kikundi inasema mwanachama asiyechukua zamu yake msimu mzima, shamba linarudi kwa kikundi. Musyoka kwa kura alikuwa Jumapili. Hakuchukua Jumapili hata moja, na hayo ya Ijumaa mimi sijaona wala sijasikia. Kwa hiyo shamba lilikwisha kurudi zamani, ila tulikuwa tunamwonea huruma. Na mama huyu ni mjane, mashine itamshinda, kwa hiyo shamba apewe mtu mwenye nguvu. Huyo mwenye nguvu alikuwa kaka wa mke wake, kijana tu, amekuja juzi kutoka bara na viatu vya kung'aa. Shamba letu lilikuwa mwanzo wa mfereji, pale maji yanafika kwanza. Kila mtu alilitamani.

Nikaona kile kikombe cha unga. Nikaomba kimoyomoyo, maombi mafupi kabisa: Bwana, huyu mtu alikuheshimu wewe, sasa uko wapi? Halafu nikasimama. Mwanamke hakuwa akisimama kwenye mkutano ule.

Nikasema, "Mume wangu mlimtoa kwenye mfereji Ijumaa mchana na jembe chini ya kifua. Kama huko si kuchukua zamu, nionyesheni kuchukua zamu kunafanana vipi."

Wazee wakaguna. Mwenyekiti akasema, "Mama, pole, lakini sheria haina machozi."

Nikamwambia, "Unaona machozi hapa?"

Ndipo Bare akainuka, pole pole, akakung'uta kikoi chake. Akasema, "Mwenyekiti. Bale kaburini niliuliza mara mbili. Nani anadai? Nilisema shamba. Hii neno shamba nilitaja na mdomo yangu. Wewe ulikuwa wabi?"

"Nilikuwepo."

"Masikio ilikuwepo?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akakasirika. "Hayo ni ya dini yenu. Mimi ni Mkristo."

Nikamwambia, "Hata mimi ni Mkristo. Ulivua kofia ukasema amina. Amina yako ilikuwa ya nani?"

Mzee mmoja wa Kimunyoyaya, mkubwa kuliko wote pale, ambaye kwa kawaida husinzia mkutano mzima, akafungua macho. Akasema, "Madeni ya maiti yaliulizwa, na huyu akasamehe. Mtu akishasamehe maiti, anarudi vipi kumdai mjane? Mimi maji yangu sichanganyi na jambo hilo. Kama mama ataondolewa, na mimi niondoeni." Mwingine akasema na mimi. Mwingine akasema na mimi. Wafugaji wale, watu waliopoteza kila kitu na wanaojua maana ya kubaki bila kitu, walisimama mmoja mmoja upande wangu, na kule upande wa mwenyekiti akabaki kijana wa viatu vya kung'aa, naye alikuwa anaangalia mlango wa kutokea kwenye ua wa miiba.

Mwenyekiti akasema basi, Ijumaa ni ya mama. Akasema kama anatema kitu kichungu. Mimi nilichukua hivyo hivyo.

Bare akanifundisha kuwasha mashine jioni ile. Kile chuma cha kuzungushia kinarusha mkono, kinaweza kuvunja mfupa. Akaniambia, "Mama Kioko, hii ni kama ngamia mbaya. Ukiogoba, anajua." Mkono ulivimba. Kioko wangu akasema, mama, acha mimi. Nikamwambia wewe nenda shule, karo inalipwa na chuma hiki.

Ijumaa ikafika. Adhana ikalia mjini. Wanaume wakapita na nguo zao nyeupe, na kila mmoja akanisalimu kama walivyokuwa wakimsalimu yeye, na Bare wa mwisho akasema tu, "Tunakuachia maji." Wakaenda. Nikabaki na mto na mashine. Nikazungusha chuma, mashine ikakataa. Nikazungusha tena ikakataa. Nikasema, Mungu wa Musyoka, mimi si yeye, lakini jembe ni lile lile. Nikazungusha kwa hasira, ikakohoa, ikashika, na maji ya mto Tana yakapanda mfereji yakaja mpaka miguuni kwangu, mekundu, yenye povu, yakaingia kwenye nyanya zangu. Nililia wakati huo. Wala sikuona haya, hapakuwa na mtu.

Ndugu zangu, mavuno yale yalijaza lori. Kioko alimaliza shule. Mafuriko ya El Nino yalikuja yakachukua mashine, mfereji na mashamba yote, na maji yalipopungua tulianza upya, mimi na wazee wale wale, na nilipiga kura kama mwanachama. Bare bado ni jirani yangu. Jumapili ni yake, Ijumaa ni yangu, na mwenyekiti wa sasa anajua.

Namshukuru Mungu aliyenipa mume yule. Namshukuru Mungu aliyenibakiza, na aliyetumia mdomo wa mtu asiyesali kanisani kunitetea. Wewe uliyeketi hapo unaogopa kwamba ukimheshimu Mungu utabaki nyuma ya wenzako, mimi nakuambia mheshimu, na ufanye kazi mpaka ngozi ichubuke. Mwamini. Na kama kuna anayetaka kubishana nami juu ya Mungu huyu, Jumapili ananipata hapa kwenye benchi la mbele. Ijumaa niko kwenye mfereji, na aje na viatu vya tope.