Mikorosho Kumi na Miwili ya Ladislaus

Leo ni tarehe tisa Julai, mwaka elfu mbili na ishirini na tano. Kipupwe kimelishika eneo lote la Newala, ukungu haujaachia paa la jirani, na mikorosho imeanza kutoa maua. Sogezeni viti, Veridiana na Benedikto wanangu, kwa kuwa pumzi yangu sasa naitumia kwa kipimo.

Mnakijua chumba cha nyuma, ambako baada ya kustaafu kufundisha kemia nilichoma maganda ya korosho mpaka yakawa mkaa, nikaupaka punje za platini, ambazo elfu arobaini zikipangwa mstari ndipo zinatimiza unene wa unywele mmoja. Punje hizo ndizo kichocheo: hukutanisha haidrojeni na oksijeni bila moto wala moshi, ukapatikana umeme, na kinachobaki ni maji. Aliyeutwanga mkaa huo ni baba yenu mdogo, Ladislaus, huku marehemu mama yenu akitucheka kwamba watu wazima wawili tunapika masizi. Siku zile, wanangu! Sijapata furaha kama ile tena.

Mwaka 2011 taa yetu ya kwanza iliwaka dakika ishirini na sita, ikazimika.

"Kaka, taa yako imelala kabla ya kuku," Ladislaus akatania.

Sikucheka. Nilimwambia, mbele ya mama yenu, kwamba ameuza platini yangu na kunichanganyia masizi.

"Niiuze kwa nani hapa Newala, kaka? Kwa muuza mihogo?"

Akaweka mchi chini, akahamia Chiungutwa, na mikorosho yake kumi na miwili nyuma ya nyumba hii ikakosa wa kuipulizia dawa.

Mwaka jana, korosho zangu zilipopungua, nilibangua za mikorosho yake, nikachoma maganda. Taa ikawaka siku kumi na tisa. Nikapima mara tatu: maganda yangu yalikuwa na salfa, ile niliyoipulizia maua kwa mkono wangu kila kipupwe kuzuia ukungu wa majani, na salfa huishika platini ikaifisha. Nilifundisha jambo hilo miaka thelathini, nami salfa imenijaa kwenye nywele. Nikaona aibu kwenda kwake.

Basi, Benedikto, panda pikipiki leo hii uende Chiungutwa kwa baba yako mdogo. Usimwambie tuyasahau, mwambie mbele ya wanawe, "Baba anakiri kwamba hukuiba." Mikorosho ile aliipanda yeye, asiikate mtu. Veridiana, madaftari ya majaribio ni yako, ila ukurasa wa kwanza andika kosa langu, kisha matokeo. Akinikuta hai, niinueni niketi. Akichelewa... yeye ndiye atangulie kunitupia udongo.

Mungu awape subira ya kupima kabla ya kumtuhumu mtu, awaweke pamoja... Nipe maji, Veridiana mwanangu. Sasa andika gharama ya jaribio. Platini, gramu tatu. Ndugu mmoja... miaka kumi na minne.