Kuhamishwa Bila Kuhama

Kwenye basi la asubuhi, Milwaukee, mbele yangu alikaa Bi Verlene Hatchett. Jina nililisoma kwenye bahasha yake. Macho hayana pazia.

"Nimehamishwa jimbo la uchaguzi bila kuhama nyumba," alimwambia mzee wa kando yake, asiyemjua. "Wamechora mipaka upya, na uchaguzi wa bunge la Wisconsin ndio huu."

Akampa bahasha; mzee akaisoma barua iliyokuwa ndani. "Kumbe umeletwa kwetu! Karibu, mama. Miaka kumi na minane mbunge wetu hakuwa na mpinzani. Nilikuwa naenda kupiga kura ili nisalimiane na majirani tu. Mwaka huu wagombea wako wawili, na mmoja kanigongea mlango jana!"

"Wewe umepata, mimi nimepoteza. Mwanangu alipolazwa, mbunge wangu alikuja mwenyewe, akakaa nasi. Dada yangu, ng'ambo ya barabara, bado anaweza kumpigia kura. Mimi siwezi."

"Lakini zamani wabunge walijichorea mipaka ili wasishindwe."

"Najua. Kuichora upya ni haki. Mbona inaniuma?"

Mzee akaikunja barua, akamrudishia.

Basi likasimama. Bi Verlene akainuka.

"Utapiga kura lakini?" mzee akamwuliza.

"Nitapiga," alisema akishuka, "ila nitaona kama namsaliti mtu."